Boksi jipya kwa spika za zamani: pima kwanza, kata baadaye

Mchwa hawali sumaku. Ndiyo maana ukizunguka kwa wauza skrepa wa Unga Limited, au ukifunguliwa stoo ya mzee wa Machame au Marangu aliyekuwa na radiogramu (redio na santuri ndani ya kabati moja) miaka ya 70, unaweza kukuta spika nzima imelala juu ya unga wa kilichokuwa boksi lake. Mbao imekwenda, kitambaa kimekwenda. Chuma, sumaku na mara nyingi hata karatasi ya koni vipo. Jozi yangu ya wufa (spika za besi) za inchi 10 niliipata hivyo hapa Arusha. Iliwekwa kwenye mizani pamoja na rimu ya gari, nikalipa bei ya chuma.

Boksi la kwanza nililojenga maishani nilikuwa nimelinakili kutoka kwenye mchoro wa Uingereza, sentimita kwa sentimita. Lililia kama pipa. Mchoro haukuwa na kosa. Spika yangu ndiyo haikuwa ile ya kwenye mchoro, na nilikuwa nimeifungia ndani ya boksi isilolihitaji. Tangu hapo siruhusu msumeno uguse ubao kabla spika yenyewe haijaniambia inataka nafasi ya lita ngapi. Kwa hiyo usishangae sehemu ya kupima kuwa ndefu kuliko ya useremala.

Hatua ya 1: Kabla hujalipa

Nenda sokoni na vitu viwili mfukoni: multimita, ile mita ndogo ya fundi ya kupimia umeme, na betri moja ya redio, ile ya volti 1.5.

Bonyeza koni taratibu kwa vidole vitatu vilivyopangwa kuzunguka katikati, ili iingie ndani sawasawa bila kuinama upande. Tega sikio. Ikipita kimya, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, unaocheza ndani ya sumaku) iko katikati ya nafasi yake. Ikikwaruza, huenda ni uchafu, huenda ni koili iliyowahi kuungua na kuvimba. Inayokwaruza nalipa nusu bei au naiacha palepale.

Weka mita kwenye omu, gusa vichwa viwili vya spika. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 husoma 3 na kitu, ya omu 16 husoma 11 hadi 13. Namba kuwa ndogo kuliko iliyoandikwa si ubovu, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu, bila mwendo. Isiposoma kitu, usikate tamaa haraka. Angalia zile nyaya laini za kusuka zinazotoka kwenye koni kwenda kwenye vichwa. Mara nyingi ndizo zimekatika, na kuzilehemu ni kazi ya dakika kumi. Muuzaji akikuona umekunja uso, bei inashuka yenyewe.

Halafu soma maandishi ya nyuma. Kwa chalii wa Arusha, Philips ni kituo cha daladala kwanza, redio baadaye. Lakini jina lilitokana na kiwanda cha redio kilichokuwa pale. Spika za kampuni hiyo huandikwa kwa mtindo wa AD8061/W8. Namba ya mwanzo hapo ni inchi 8, W ni wufa, na 8 ya mwisho ni omu. Ukikuta T ni twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), Sq ni spika ya kati, M ni ya sauti zote yenye koni ndogo ndani ya koni kubwa. Kuna mtego mmoja. Zipo Philips za zamani za omu 800, zilizotengenezewa redio za vali zisizo na transfoma ya kutolea sauti. Mita ikikusomea mamia, spika si mbovu, ila kwenye amplifaya ya leo itanong'ona tu. Muuzie mtu mwenye redio yake.

Mwisho ni betri. Gusisha kwa sekunde moja, chanya kwenye kichwa chenye alama nyekundu au alama ya kujumlisha. Koni ikiruka mbele, alama ni sahihi. Ikirudi ndani, weka alama yako mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. JBL za zamani zilitoka kiwandani zikiwa kinyume hivyo, kwa hiyo usidhani kuna aliyeichezea.

Hatua ya 2: Vumbi letu na sumaku

Ukiburuza sumaku kwenye barabara ya vumbi ya Sakina, inainuka ikiwa na ndevu nyeusi. Watoto wote wa hapa wameufanya mchezo huo. Udongo wetu ni wa volkano, na ndani yake kuna chembe za chuma zinazopenda sumaku. Nafasi kati ya koili na chuma ni nyembamba, chini ya milimita moja kila upande, na chembe moja ikiingia humo unapata mkwaruzo ambao hakuna amplifaya itakayouficha.

Kabla ya kufanya lolote, zungushia sumaku selotepu pana ili chembe zishike nje ya selotepu, si kwenye chuma. Safisha koni kwa brashi laini ya rangi, ikiangalia chini. Usipulize kwa kompresa, utazisukuma ndani. Chembe zilizokwisha kukamata zinyanyue kwa kipande cha selotepu chenye gundi. Na usifanye kazi hii jirani na mchomelea mageti. Nilipoteza spika moja nzuri kwa kumwachia fundi ambaye ukuta wa pili walikuwa wanasaga chuma kwa grainda mchana kutwa. Ilirudi ikiwa imejaa unga wa chuma.

Usiifungue sumaku yenyewe. Zile za zamani za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti), ambazo mara nyingi ni ndogo, ndefu na zimevikwa kofia ya chuma, hupoteza nguvu zikitenganishwa au zikigongwa kwa nyundo.

Hatua ya 3: Ringi ya pembeni

Gusa ringi inayoshikilia koni kwenye fremu. Ikiwa ni kitambaa au karatasi iliyokunjwa, huenda bado inafaa miaka mingine 40. Raba nayo hudumu. Ikiwa sponji, itabaki kidoleni mwako kama masizi, maana sponji ya aina hiyo huoza kwa unyevu na hewa hata kama spika haijawahi kupigwa. Agiza ringi mpya ya kipimo hicho, na kabla ya kuagiza pima kipenyo cha koni, cha ndani ya ringi na cha nje ya ringi, maana inchi 10 za kiwanda kimoja si za kingine.

Nimejaribu tyubu ya baiskeli. Usijaribu. Ni nzito na ngumu, spika inapoteza besi yote, na gundi haiishiki.

Ng'oa masalia ya sponji kwa kucha na spiriti kidogo. Kata kifuniko cha vumbi cha katikati kwa wembe, uache sehemu kama mlango. Ingiza vipande vinne vyembamba vya filamu ya eksirei kuzunguka koili ili isimame katikati. Sasa gundisha ringi kwenye koni kwa gundi nyeupe, isubiri ikauke usiku kucha, kisha gundisha kwenye fremu. Toa vipande, bonyeza, tega sikio, rudisha kifuniko. Wakati wa masika gundi nyeupe inachukua siku mbili Arusha. Haraka yako haitaikausha.

Hatua ya 4: Iulize spika

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo boksi linapoharibikia. Unatafuta namba tatu ambazo viwanda huziandika Fs (masafa ambayo koni inacheza yenyewe), Qts (jinsi mchezo huo unavyodhibitiwa) na Vas (lita za hewa zenye ulaini sawa na viungo vya koni). Mfumo wa namba hizi uliwekwa na Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small miaka ya 70, kwa hiyo spika nyingi za zamani zilitoka kiwandani kabla haujazoeleka na hutazikuta zimeandikwa popote. Na hata zikiwa zimeandikwa, baada ya miaka 50 ya kulala na ringi mpya juu yake, spika imebadilika. Pima.

Unahitaji simu yenye programu ya kutoa toni kwa namba ya Hz (mitetemo kwa sekunde), amplifaya yoyote, rezista ya omu 1000, rezista ya omu 10, na mita inayosoma milivolti za AC. Ile mita ya njano ya bei poa haitakusaidia, AC yake huanzia volti 200. Azima kwa fundi simu.

Piga muziki kwenye spika kwa saa moja ili viungo vilainike. Kisha isimamishe wima mbali na meza na ukuta. Funga rezista ya omu 1000 kwenye waya wa chanya kutoka kwenye amplifaya. Mahali pa spika weka kwanza ile rezista ya omu 10, toa toni ya 100 Hz, ongeza sauti mpaka mita isome milivolti 50 juu ya rezista hiyo. Kuanzia sasa kitasa cha sauti hakiguswi. Kila milivolti 5 ni omu 1.

Toa rezista ya omu 10, weka spika. Shusha toni hadi 15 Hz, panda polepole. Milivolti zitapanda, zifike kilele, zishuke. Kwenye kilele, koni inacheza yenyewe kama bembea iliyosukumwa kwa wakati wake. Masafa hayo ndiyo Fs. Yangu ilifika kilele kwenye 32 Hz, milivolti 200, yaani omu 40. Mita ya kawaida ilikuwa imenisomea omu 6.4 kwenye koili.

Gawa: 40 kwa 6.4 ni 6.25. Kipeuo chake cha pili ni 2.5. Zidisha 6.4 kwa 2.5, unapata omu 16, yaani milivolti 80. Tafuta sehemu mbili, moja chini ya kilele na moja juu yake, ambapo mita inasoma milivolti 80. Mimi nilizipata kwenye 20.8 Hz na 49.3 Hz. Jihakiki kwa kuzizidisha: jibu likaribiane na 32 mara 32. Likiwa mbali, rudia. Ile ya juu iko karibu sana na 50 Hz ya umeme wa ukutani, kwa hiyo chomoa chaja ya simu wakati wa kupima, la sivyo mvumo wake utajichanganya na kipimo chako.

Qts ni Fs, gawa kwa tofauti ya hizo mbili, gawa tena kwa kile kipeuo: 32 ÷ 28.5 ÷ 2.5 = 0.45.

Kwa Vas unahitaji uzito unaojulikana. Arusha hatukosi mizani midogo. Tanzanite inachimbwa Mirerani, na madalali wa vito mjini wanapima mawe hadi sehemu za gramu. Nilimwendea mmoja na udongo wa kuchezea wa binti yangu, nikamwomba anipimie karati 100. Aliniangalia usoni, akauangalia udongo, akacheka, akapima. Karati 100 ni gramu 20 kamili. Gawa udongo mafungu mawili, ubandike kwa upole kwenye koni pande mbili za katikati, tafuta kilele tena. Kitakuwa kimeshuka. Changu kilishuka hadi 25.6 Hz.

32 ÷ 25.6 ni 1.25, ukiizidisha kwa yenyewe ni 1.5625, toa 1, inabaki 0.5625. Gramu 20 ÷ 0.5625 ni gramu 35.6, na huo ndio uzito wa koni pamoja na koili yake. Pima sasa upana wa koni kutoka katikati ya ringi upande huu hadi katikati ya ringi upande wa pili. Yangu ni sentimita 21, kwa hiyo eneo ni 3.14 × 10.5 × 10.5, sentimita za mraba 346.

Vas kwa lita ni namba ya mahali ulipo, mara eneo, mara eneo tena, gawa kwa Fs mara Fs, gawa kwa uzito. Namba ya mahali? Dar es Salaam na Tanga tumia 36, Moshi 32.5, Arusha 30.4. Sababu ni hewa. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani, na hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ni springi inayolainika kadiri kanieneo inavyopungua. Spika yangu hapa inatoa lita 100. Ningeipeleka Dar ingetoa lita 118, bila kubadilika hata skrubu.

Hatua ya 5: Lita za boksi

Kwa boksi lililozibwa kabisa, gawa 0.707 kwa Qts yako, zidisha jibu kwa lenyewe, toa 1, kisha gawa Vas kwa jibu hilo. Yangu: 0.707 ÷ 0.45 ni 1.57, mara yenyewe ni 2.47; toa 1 ni 1.47, lita 100 ÷ 1.47 ni lita 68. Hiyo 0.707 ni kiwango ambacho besi inashuka taratibu bila kuvimba kwanza. Spika hiyohiyo Dar ingetaka lita 80. Boksi la Njiro la lita 68 linafanya kazi ya boksi la Kariakoo la lita 80, na huo ni ubao unaobaki mfukoni kwako.

Qts ikiwa chini ya 0.4, boksi lenye tundu la upepo litakupa besi ya chini zaidi. Urefu wa bomba kwa sentimita ni 23,560 mara kipenyo cha bomba mara kipenyo tena, gawa kwa masafa unayotaka mara masafa tena, gawa kwa lita za boksi, halafu toa 0.73 mara kipenyo. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 7.5, boksi la lita 70 na 32 Hz linatoa sentimita 13. Hapa mwinuko hauhusiki, kwa sababu bomba linafuata kasi ya sauti, na kasi ya sauti inafuata joto, si kimo. Mimi lakini kwa spika za zamani napenda boksi lililozibwa. Linasamehe makosa ya kipimo, na linaizuia koni nzee isiruke kupita kiasi.

Qts ikizidi 0.7, acha kabisa boksi lililozibwa. Kuifungia spika kunaongeza namba hiyo, hakuwezi kuipunguza. Spika nyingi za radiogramu ziko hivyo, maana zilitengenezwa kwa kabati lililo wazi nyuma, lenye kadibodi ya matundu tu. Hilo ndilo lililokuwa pipa langu la kwanza: spika ya radiogramu ya shangazi, Moshi, ambayo nilikuja kuipima baadaye na kukuta Qts imepita 1. Sasa imefungwa kwenye ubao wa wazi wa upana wa mita moja, hauna mgongo, na shangazi anasema Jumapili kwaya ya redioni inasikika kama zamani.

Hatua ya 6: Ubao

Seremala wangu ni mzee, na tumegombana kuhusu hili.

"Mwanangu, redio ya mninga inalia kuliko hayo makaratasi yako."

"Shikamoo mzee wangu, lakini sitaki boksi lilie. Nataka spika ilie, boksi linyamaze."

Ubao wa mti halisi unapumua. Unavimba masika, unasinyaa Januari, na boksi lililozibwa linapata ufa usiouona, hewa inapita ikipiga mluzi. Pia ubao mgumu mwembamba unaimba kwa sauti yake. Tumia MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18 kwa spika za sebuleni, au marine bodi ya unene huo kama zitakaa barazani, kanisani au popote penye mvua ya kurushwa. MDF ikinywa maji inavimba kama mandazi. Chipbodi ya kabati lililovunjika isikushawishi, skrubu hazishiki kwenye ukingo wake. Ukiutaka uzuri wa mninga, mpe mzee abandike veniya yake, ile ngozi nyembamba ya mbao, juu mwishoni. Ndivyo tulivyopatana.

Kwa lita 68 ongeza lita 4 za mwili wa spika, krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) na mbao za kukazia. Ndani, upana sentimita 33, kina 41.5, kimo 52.5, jumla lita 72. Vipimo vitatu tofauti, wala kimoja kisiwe mara mbili ya kingine, ili mwangwi usirundikane mahali pamoja.

Ubao mmoja wa futi 8 kwa 4 unatoa maboksi mawili. Mpelekee mwenye mashine ya kukatia mbao na umwambie hivi: kwa urefu, kata vipande virefu viwili vya upana wa sentimita 41.5 na kimoja cha 36.6. Katika kile cha 36.6 kata nne za sentimita 56.1, hizo ni za mbele na nyuma. Katika cha kwanza cha 41.5 kata nne za 36.6, ambazo ni juu na chini, pamoja na moja ya 52.5. Katika cha pili kata tatu za 52.5. Hizo nne za 52.5 ni mbavu. Mabaki yachukue, ndiyo ya kukazia ndani. Simama pale hadi amalize, na pima kila kipande kabla ya kulipa. Milimita 2 za kosa kwenye mbavu moja zitakufuata mpaka mwisho.

Hatua ya 7: Kutoboa na kuunganisha

Toboa tundu la spika kabla ya kuunganisha. Usiamini inchi, geuza spika, pima sehemu inayoingia, ongeza milimita 3. Weka tundu pembeni kidogo ya mstari wa katikati, na kwa boksi la pili lipeleke upande wa pili ili yawe jozi ya kushoto na kulia. Kona ya ndani ya tundu isawazishe kwa mshazari ili mgongo wa koni upumue. Vaa barakoa. Unga wa MDF una gundi ndani yake na hauna huruma kwa mapafu.

Mbavu zinakaa kati ya juu na chini. Mbele na nyuma zinafunika kila kitu. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili, toboa vitundu vya milimita 3 kila sentimita 12, kaza kwa skrubu nyeusi za jipsamu za milimita 45. Usipotoboa, ukingo wa MDF unafunguka kama kitabu. Kamba za tyubu ya pikipiki zikizungushwa mara tatu zinabana vizuri kuliko vibano vya kununua. Tyubu ambayo haikufaa kwenye spika, hapa inafaa.

Kutoka kwenye mabaki kata vipande vya kukazia, kimoja kutoka ubavu hadi ubavu na kimoja kutoka mbele hadi nyuma, visiwe katikati kabisa. Gonga ubavu kwa kifundo cha kidole kabla na baada, utasikia tofauti. Ukimaliza, pitisha silikoni kwenye kila kona ya ndani, uache siku mbili. Silikoni ikiwa mbichi inatoa mvuke mkali, spika isiwemo.

Hatua ya 8: Ndani ya boksi

Jaza sufi. Ndiyo, sufi ya msufi, ile ya mito ya bibi. Ichambue mpaka iwe nyepesi, ifunge kwenye vifuko vya chandarua chakavu ili nyuzi zisifike kwenye koili, ujaze karibu theluthi mbili ya nafasi bila kushindilia. Kama hakuna sufi, mabaki ya magodoro yanatosha.

Krosova ya zamani ikiwa hai, badilisha kapasita zake. Zile za elektroliti za miaka ya 70 zimekauka. Kama huna krosova, kiwango cha chini kabisa ni kapasita moja mbele ya twita. Gawa 159,000 kwa omu za twita, gawa tena kwa Hz unayotaka ianzie. Twita ya omu 8 kuanzia 4,000 Hz inataka kama maikrofaradi 5. Lazima iwe isiyo na chanya wala hasi. Ukikosa, chukua mbili za maikrofaradi 10, uziunganishe hasi kwa hasi, zinakuwa 5. Twita bila kapasita itadumu wimbo mmoja.

Lehemu nyaya kwa kufuata alama uliyoweka siku ya betri. Spika mbili zikipingana, besi inapotea katikati ya chumba na utalilaumu boksi bure.

Hatua ya 9: Funga na usikilize

Kata ringi ya sponji ya mlango, ibandike chini ya fremu ya spika, kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba kama nati za tairi. Sasa bonyeza koni kidogo, ishikilie sekunde chache, uiachie. Ikirudi pole pole, boksi limeziba. Ikiruka mara moja, pana tundu; chukua kijiti cha ubani, kipitishe kwenye viungo huku rafiki akibonyeza koni, moshi utakuonyesha.

Nyumba zetu nyingi ni tofali na vigae, na sebule ya namna hiyo inaongeza besi yenyewe. Anza na maboksi yakiwa sentimita 40 kutoka ukutani na kwenye stuli ngumu, kisha yasogeze sentimita 10 kwa 10 huku ukisikiliza gitaa la besi la dansi ya zamani. Noti zote zikisikika kwa nguvu moja, umefika. Noti moja ikinguruma kuliko nyingine, bado uko karibu na kona.

Baada ya wiki mbili sponji itakuwa imelala. Rudi na bisibisi, kaza kila skrubu robo mzunguko, ukishika kwa mkono, si kwa drili; tundu la MDF likiliwa mara moja, utatafuta skrubu nene zaidi.